Tunabishana kuhusu dawa, mdudu anaingia jikoni

Kama uko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ule ujumbe umeshakufikia. Kuku wa kisasa wanapewa ARV. Kuku wa kisasa wanadungwa homoni, ndiyo maana mabinti siku hizi wanavunja ungo wakiwa darasa la nne. Kwetu huletwa na mjomba mmoja aliyeko Tanga, kwa herufi kubwa tupu, na mwishoni kuna "SAMBAZA KWA UWAPENDAO". Tunasambaza. Jumapili tunakula kuku huyohuyo wa wiki sita, na mjomba akiwepo hupewa paja.

La homoni nitalimaliza haraka. Kuku wa nyama hukua upesi kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi, pamoja na chakula chenye nguvu. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye chakula inameng'enywa tumboni sawa na protini nyingine yoyote, kwa hiyo ungelazimika kuwadunga sindano kuku mmoja mmoja. Mwenye kuku mia tano hana muda huo wala hiyo hela. La ARV lina chembe ya ukweli: Uganda, mwaka 2023, mamlaka ya dawa ilieleza mbele ya wabunge kwamba inafahamu wapo wafugaji wanaowapa nguruwe na kuku dawa hizo. Ni jambo la kukera, na linawadhulumu wagonjwa wanaozihitaji.

Lakini katika jumbe zote za mjomba sijawahi kuona hata mmoja unaomtaja mdudu, yaani bakteria, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tukisema "hawa kuku wana dawa", tunafikiria dawa iliyobaki kwenye nyama au kwenye yai. Mabaki yapo, na yana kanuni yake: kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri, yaani siku ambazo hutakiwi kuuza mayai wala kuchinja baada ya dozi ya mwisho. Wengi hawaufuati, maana kuku haachi kutaga eti kwa sababu yuko kwenye dozi, na trei za mayai haziwezi kumwagwa jalalani huku ada za watoto zinasubiri. Hata hivyo mabaki hupungua siku hadi siku. Bakteria aliyeizoea dawa hapungui hivyo, kwa sababu ni kiumbe hai na anazaana. E. koli akipata mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kuhama kutoka utumbo wa kuku kwenda utumbo wako hakumhitaji awe na dawa pembeni yake. Kuku aliyemaliza muda wa kusubiri, akapimwa, akaonekana hana mabaki hata chembe, anaweza kuwa amejaa wadudu sugu mpaka kwenye manyoya.

Shemeji yangu ana duka la dawa za mifugo Kimara. Hakusomea udaktari wa mifugo, ila wateja wote humwita Dokta, naye alishachoka kuwasahihisha. Jioni nikitoka kazini napenda kukaa naye pale, duka lina benchi na feni, na stori haziishi. Mazungumzo ya kaunta hufanana sana.

"Dokta, kuku wangu wamezubaa."

"Wanaharaje?"

"Kijani. Na mmoja shingo imepinda."

"Ulichanja kideri, mama?"

Hapo mama anakuwa kimya. Anafungua mfuko na ndani yake yuko kuku mfu, ameletwa kuwa ushahidi. "We nipe tu ile OTC, ile ya njano."

Kuhara kijani na shingo kupinda ni dalili za kideri, na kideri ni kirusi. OTC, kwa jina refu oksitetrasaikilini, ni dawa ya bakteria, kirusi haiwezi kumfanya lolote. Shemeji anajua hivyo. Anamweleza mama taratibu, mama anasikiliza kwa adabu zote, halafu ananyoosha noti yake. Shemeji asipomuuzia, duka la pili liko ng'ambo ya barabara. Anamuuzia. Sina moyo wa kumlaumu yeyote kati ya hao wawili. Vifaranga wamenunuliwa kwa mkopo wa kikoba na marejesho yanaanza kabla hawajafikia kuuzwa. Wakifa thelathini katika mia mbili, faida yote imekwenda na deni limebaki. Pakiti ya OTC ni bei ya soda chache. Kumwita daktari wa mifugo aje mpaka bandani, apasue kuku, aangalie, apeleke sampuli maabara, ni hadithi nyingine kabisa.

Hiyo ni dawa ya kutibia, hata kama inatibu kisichotibika. Kinachonitia hofu zaidi ni ile ya kukingia. Ukutani kwa shemeji kuna ratiba iliyowekwa plastiki, na nakala zake zimejaa kwenye makundi ya wafugaji: siku ya kwanza hadi ya tano, antibiotiki na vitamini kwenye maji, siku ya saba chanjo ya kideri, siku ya 14 chanjo ya gumboro (ugonjwa mwingine wa kuku), siku ya 21 kideri tena. Katikati wafugaji huongeza ya kwao. Wamehamishwa banda, antibiotiki. Mvua imenyesha, antibiotiki. Jirani amefiwa na kuku, antibiotiki, na hii huwekwa nusu ya kipimo ili pakiti ifike mbali. Kuku wote hao ni wazima. Dozi ndogo, kuku wengi, siku nyingi: ukitaka kuzalisha bakteria sugu kwa makusudi, hivyo ndivyo ungefanya.

Na wala wazo hilo halikuanzia Kimara. Mwishoni mwa 1948, watafiti wawili wa kampuni ya Lederle iliyokuwa Pearl River, New York, Thomas Jukes na Robert Stokstad, walikuwa wanatafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa ajili ya chakula cha kuku. Wakajaribu makapi yaliyobaki kiwandani baada ya kutengeneza oriomaisini, ile tetrasaikilini ya kwanza kabisa. Vifaranga wakanenepa kupita kiasi ambacho vitamini peke yake ingeeleza. Mwaka 1950 habari ikatangazwa, na mwaka 1951 Marekani ikaruhusu antibiotiki kuchanganywa kwenye chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Kitu kilichokuwa taka kikawa biashara ya dunia nzima. Uingereza walishtuka mapema kidogo. Mwaka 1969 kamati iliyoongozwa na Michael Swann ilishauri kwamba dawa zinazotibu watu zisitumike kunenepesha wanyama. Sweden ilipiga marufuku unenepeshaji huo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukamaliza kazi hiyo tarehe 1 Januari 2006. Tazama pengo hilo la miaka.

Jaribio ambalo kila mfugaji angepaswa kusimuliwa ni la Stuart Levy, daktari wa Boston. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda kwenye shamba dogo la familia moja huko Massachusetts na vifaranga 300. Nusu wakapewa chakula cha kawaida, nusu chakula chenye tetrasaikilini kidogo, kiasi kilekile wafugaji walichokuwa wakitumia. Fedha za utafiti zilitoka kwenye chama cha watengenezaji wa dawa za mifugo, jambo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Levy na wenzake wakaanza kukusanya kinyesi: cha kuku, cha familia ile, na cha majirani wasio na uhusiano na banda.

Wiki moja tu ilitosha. Karibu bakteria wote wa matumboni mwa kuku waliokula dawa walikuwa hawaisikii tena tetrasaikilini. Kwa watu mambo yalikwenda polepole, ila yalikwenda. Ndani ya miezi mitano hadi sita tangu kuanza, katika asilimia 31.3 ya sampuli za kila wiki za wanafamilia, zaidi ya asilimia 80 ya bakteria walikuwa sugu. Kwa majirani sampuli za namna hiyo zilikuwa asilimia 6.8. Watu wa shambani hawakuwa wakinywa tetrasaikilini. Walikuwa wakiishi na kuku tu, wakiwalisha, wakifagia banda, wakirudi ndani kula.

Jambo la pili lililojitokeza ndilo lililowaumiza vichwa wataalamu. Bakteria wale hawakuwa sugu kwa tetrasaikilini peke yake. Walikuwa sugu hata kwa dawa ambazo hakuna kuku aliyewahi kuzionja katika shamba lile. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya usugu hukaa kwenye kipande cha mviringo cha vinasaba kinachoitwa plasmidi, ambacho bakteria mmoja anaweza kumnakilia mwenzake wa aina nyingine kabisa. Ni kama vijana wanavyorushiana nyimbo kwa simu: si lazima wawe ndugu, ilimradi wamekaribiana, na faili moja linaweza kubeba nyimbo tano. Ukitumia dawa moja, unawapendelea wenye faili zima.

Ndiyo maana mdudu wa kuku hahitaji kukuumiza siku ile unapomla. Anaweza kuingia na kachumbari, akapita tumboni mwako siku chache, akamwachia E. koli wako wa siku zote lile faili, kisha akatoka zake. Hukuharisha, hukusikia hata tumbo kuunguruma. Miezi baadaye E. koli huyo anapanda kwenye njia ya mkojo, na hapo ndipo hadithi inapoanza kukuhusu.

Siku hizi mjini kila mtu ana "UTI sugu". Nyingi kati ya hizo, kwa maoni yangu, ni za maabara za uchochoroni zinazoangalia mkojo kwa dakika mbili na kuandika "wadudu wengi", mtu anarudi na mfuko wa vidonge asivyovihitaji. Ila za kweli zipo. Mdogo wangu wa kike alipokuwa mjamzito alipata moja ya kweli. Alimaliza vidonge vya kwanza, akamaliza vya pili, homa ikabaki palepale, ndipo daktari mmoja mwenye subira akasema mkojo uoteshwe. Majibu yalikuja kwenye karatasi yenye orodha ndefu ya majina ya dawa, na mbele ya kila jina herufi moja: S maana yake mdudu anakufa, R maana yake mdudu hajali. Ilikuwa R, R, R, kutoka juu mpaka karibu na chini. S zilikuwa mbili. Moja ilikuwa dawa ambayo daktari hakutaka kumpa mwenye mimba. Nyingine ilikuwa ya sindano, ya kutafutwa maduka kwa maduka, na bei yake ilimfanya shemeji mwingine, mume wake huyo, auze simu. Alipona, na mtoto sasa anatambaa anavuta waya za redio.

Siwezi kusema mdudu yule alitoka kwa kuku, wala daktari hakusema. Hiyo ndiyo shida ya maradhi haya, hayaji na risiti. Ila kuna mahali watu wamejaribu kuitafuta risiti. Flagstaff, mji wa Arizona huko Marekani, watafiti walikusanya kwa mwaka 2012 E. koli wa nyama mbichi za madukani na E. koli wa wagonjwa wa mji huohuo, kisha wakalinganisha vinasaba vyao. Makadirio waliyochapisha mwaka 2023 ni kwamba karibu asilimia 8 ya maambukizi ya E. koli waliyoyachunguza yalitokana na aina za bakteria wa mifugo. Asilimia 8 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke UTI ni ngapi duniani.

Denmark risiti ilipatikana nzima. Mwaka 1998 ilizuka salmonela, bakteria wa kuharisha, iliyokuwa sugu kwa dawa tano za kawaida na isiyoogopa vizuri dawa za kundi la siprofloksasini, ambazo ndizo daktari angezikimbilia. Maabara zilithibitisha wagonjwa 25. Kumi na mmoja walilazwa, wawili wakafariki. Wachunguzi walifuata nyama mpaka machinjioni, na kutoka machinjioni mpaka kwenye nguruwe wa shamba moja. Nchi yenye kumbukumbu za kila nguruwe inaweza kufanya hivyo. Sisi kuku wetu anashuka kwenye bodaboda miguu imefungwa kamba, na hata aliyemuuza hajui alitoka banda gani.

Kwetu takwimu huonekana upande wa wodini. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002, ukachapishwa 2007, uliwafuatilia watoto waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali. Waliokuwa na malaria, asilimia 20.2 walifariki. Waliokutwa damuni na bakteria wa kundi analotoka E. koli na salmonela, walifariki asilimia 43.5. Na kilichotabiri kifo kilikuwa hiki: mdudu kuwa sugu kwa dawa aliyoanzishiwa mtoto. Sisemi watoto hao waliambukizwa na mifugo. Wapo walioyapata maambukizi hospitalini, na hata salmonela inayoua zaidi watoto wa Afrika, ile inayoingia damuni kwa mtoto aliyedhoofishwa na malaria au utapiamlo, ina koo zilizozoea kuishi kwa binadamu. Salmonela hiyo isiyo ya taifodi, ikiingia damuni, ilikadiriwa kuua watu 77,500 duniani mwaka 2017, wengi wao kusini mwa Sahara. Ninachosema ni kwamba mtoto akifika wodini na mdudu wa namna hiyo, akiba ya dawa aliyonayo daktari ndiyo ileile tunayoimwaga kwenye maji ya kuku.

Kuna dawa inaitwa kolistini. Ni ya zamani, ya miaka ya mwisho ya 1940, na madaktari waliiweka kando kwa sababu huumiza figo. Bakteria walipoanza kushinda dawa nyingine zote wakairudia kama kinga ya mwisho. Wakati huohuo, mabandani, ilikuwa inatumika kwa tani. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta kwa nguruwe jeni linaloitwa mcr-1, linalompa bakteria usugu wa kolistini, na liko kwenye plasmidi, yaani linarushwa. Walilikuta kwenye asilimia 15 ya sampuli za nyama mbichi, asilimia 21 ya wanyama waliopimwa, na asilimia 1 ya wagonjwa waliolazwa. Ukiziangalia hizo namba kwa mpangilio huo, unaona mdudu anaelekea wapi. Ndani ya muda mfupi nchi nyingi zikafungua majokofu ya maabara zao na kulikuta huko pia.

China walichukua hatua ambayo sikuitegemea. Kuanzia mwisho wa Aprili 2017 waliondoa kolistini kwenye chakula cha mifugo. Uzalishaji wake ukashuka kutoka tani 27,170 mwaka 2015 hadi tani 2,497 mwaka 2018, na mcr-1 ikapungua kwa nguruwe, kwa kuku, na hata kwa watu. Kwa hiyo jambo hili linarudi nyuma. Huwa nakumbuka hili ninapomsikia mtu akisema "sasa tutafanyaje, ndiyo maendeleo".

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nitamaliza kwa kusema tupige marufuku OTC madukani basi. Ningependa iwe rahisi hivyo. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa kutoka kaskazini mwa Tanzania, kaya 425 za Wamasai, Waarusha na Wachaga. Walichukua sampuli za watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji, wakapata bakteria 62,376 wa kupima. Usugu ulikuwa wa sura moja kila mahali. E. koli wa ng'ombe, wa mtu na wa mbwa hawakuwa na mipaka kati yao. Na walipotafuta kinachoelezea nani ana wadudu sugu zaidi, matumizi ya antibiotiki kwa mifugo ya kaya ile hayakutokea kuwa jibu. Jibu lilikuwa kwenye maisha yenyewe, mambo yanayomsafirisha mdudu kutoka kiumbe mmoja kwenda mwingine.

Nimeutafakari sana huo utafiti, kwa sababu mwanzoni nilikuwa upande wa mjomba, upande wa "dawa, dawa, dawa". Sasa naona hivi: dawa ndiyo inayomtengeneza mdudu sugu, mahali fulani, kwa mtu fulani. Akishatengenezwa, kinachoamua kama atafika kwako si dawa tena, ni kinyesi. Mfugaji asiyetumia OTC hata siku moja anaweza kumpokea kutoka kisima cha pamoja. Mama anayekula kuku wa kienyeji tu, na kujisifia, anaweza kumpata kwenye mchicha uliowekewa samadi mbichi ya kuku wa kisasa, na samadi hiyo ina mdudu pamoja na dawa yake, kwa sababu sehemu kubwa ya tetrasaikilini hutoka na kinyesi bila kuvunjwa. Mabondeni kwetu viroba vya samadi ya kuku vinauzwa vingali vya moto. Ikirundikwa wiki kadhaa ikaiva vizuri, wadudu wengi hufa, lakini nani ana nafasi ya kurundika Dar es Salaam?

Jikoni basi. Kuku wa soko la mtaani kwetu huchinjwa mbele yako. Kijana anamtumbukiza kwenye pipa la maji ya moto, anamtupia kwenye mashine yenye vidole vya mpira, na dakika haijaisha kuku yuko uchi. Maji ya pipa yaliwekwa alfajiri, kufika saa nne yamekuwa ya kahawia na manyoya yanaelea. Kisu kinachotoa utumbo ndicho kinachokata kidari. Utumbo ukichanika, na unachanika, mkono unapangusa meza kwa kitambaa kilekile cha jana. Kuku anaingia mfukoni, mfuko unaingia kapuni juu ya nyanya, na maji ya damu yanatafuta njia ya kutoka.

Kuku huyo akichemshwa au kukaangwa mpaka ndani, hana neno. Moto unaua mdudu sugu sawasawa na asiye sugu; usugu wa dawa haumkingi na nyuzi joto 74. Tatizo ni kila kitu kilichomgusa kuku kabla ya moto. Ubao uleule, kisu kilekile, sasa ni zamu ya kitunguu na nyanya za kachumbari, na kachumbari haipiti motoni popote. Chakula chetu kinachopendwa zaidi na nyama ndicho kinachobeba kile ambacho nyama imeshaondolewa.

Mwaka 2014 mamlaka ya chakula ya Uingereza ilianzisha kampeni ya kuwaambia watu wasioshe kuku mbichi, kwa kuwa maji yanarusha kampailobakta, bakteria mwingine wa kuharisha, mpaka kwenye vyombo safi. Mwambie mama yangu asioshe kuku, uone. Kuku wa Uingereza anatoka kwenye pakiti. Wetu anakuja na mabaki ya manyoya na historia ya lile pipa, kuoshwa ataoshwa tu. Nilichofanikiwa kumshawishi mama ni mambo mawili: aoshwe ndani ya beseni, polepole, si chini ya bomba linalotiririka, na kachumbari ikatwe kwanza, ifunikwe, kabla kuku hajatolewa kwenye mfuko. Beseni na ubao vinafuata kwa sabuni na maji ya moto. Maziwa yanachemshwa mpaka yapande. Yai bichi kwenye soda, ile "dawa ya kuongeza damu" ya shangazi, nimepiga vita na nimeshindwa.

Upande wa bandani, kitu kinachopunguza OTC kuliko hotuba yoyote ni chanjo. Kideri kisipoingia, mama hana sababu ya kuja na kuku mfu mfukoni. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, jambo la maana kwenye mtaa wa umeme wa kukatikakatika. Bei kwa kuku mmoja ni ndogo mno. Kikwazo ni kichupa. Kichupa kimoja kimetengenezwa kwa kuku mamia, ukishakifungua hukihifadhi mpaka mwezi ujao, na mtaa wetu umejaa watu wenye kuku kumi, kumi na watano, bata wawili. Nani atanunua kichupa kizima akatumie matone kumi amwage kilichobaki?

Shemeji ameanzisha daftari. Unaandika jina, idadi ya kuku na namba ya simu. Majina yakitosha anachagua Jumamosi, anawapigia, na kijana wake anapita nyumba kwa nyumba jioni kuku wakiwa wameshaingia kulala, maana mchana kumkamata kuku wa kienyeji ni riadha. Mauzo yake ya OTC yamepungua kiasi, anasema, na anasema hivyo bila furaha kubwa, kwa sababu chanjo haina faida ya maana. Anafidia kwa kuuza vitamini na chakula.

Kwa sasa kuna mvutano kuhusu malipo. Wenye kuku wachache wanataka kila mtu alipe kwa idadi ya kuku wake. Wenye kuku wengi wanataka kila nyumba ilipe sawa, eti kijana anatembea umbali uleule. Jirani yangu mwenye bata watupu ameweka jina lake kwenye daftari, anadai naye achanjiwe kwa kuwa alihudhuria kikao, na mpaka jana jioni shemeji alikuwa bado anamweleza kwamba chanjo ile ni ya kuku.